Kupigwa, Kugongwa au Kuguswa? Juu ya Kanuni Moja ya Besiboli

Miongoni mwa kazi zinazomfikia mfasiri bila kutazamiwa ni kanuni za michezo. Aghalabu hudharauliwa, kwa dhana kwamba aliyekwisha kufasiri sheria za kodi hawezi kushindwa na sheria za mpira. Sisi twaona kinyume. Sheria ya kodi husomwa mezani, kwa utulivu. Kanuni ya mchezo hutumiwa na mwamuzi asiye na hata dakika moja ya kufikiri, na neno likiwa na kombo uwanja mzima huliona. Katika makala hii tunakusudia kuitazama kanuni moja ya besiboli, ile ihusuyo mpigaji aliyepatwa na mpira wa mrushaji, pamoja na maneno ambayo mfasiri wa Kiswahili hukaribia kuyashika kwanza.

Mchezo huu ulianza kufundishwa kwa bidii shuleni kwetu katika miaka ya 2010, kwa msaada wa Wajapani. Mwaka 2018 ulifunguliwa uwanja wake katika Shule ya Sekondari Azania, Dar es Salaam, ukapewa jina la Koshien kwa kuufuata uwanja wa Japani ambako shule za sekondari za huko hushindana. Kwa hiyo istilahi zake zatujia kwa milango miwili, Kiingereza cha Marekani na Kijapani.

Kanuni yenyewe ni hii. Mpira wa mrushaji ukimgusa mpigaji mwilini au katika nguo zake, naye hakuwa akijaribu kuupiga, hupewa kituo cha kwanza, wala hawezi kutolewa akiwa njiani. Hapewi ikiwa mpira ulimgusa ukiwa ndani ya eneo la halali. Hapewi vilevile ikiwa hakufanya jitihada yoyote ya kuukwepa.

Neno lijalo kwanza ni kupigwa, nalo ndilo baya kuliko yote. Kitenzi piga kimekwisha kuajiriwa katika mchezo huu: mwenye rungu ni mpigaji, na kazi yake ni kupiga. Tukisema 'mpigaji amepigwa na mpira' kando ya 'mpigaji amepiga mpira', tofauti kati ya tukio moja na jingine ni silabi mbili tatu, tena zitamkwe katikati ya kelele. Kugongwa ni afadhali kidogo, lakini kwa masikio ya Kitanzania mtu hugongwa na gari. Neno ladai kishindo, na mpira uliopangusa mkono wa shati haukumgonga mtu. Kinachostaajabisha ni kwamba Waamerika wenyewe, ambao katika mazungumzo hutumia neno lao la kupigwa, katika maandishi ya kanuni wametumia neno la kuguswa. Mfasiri anayefasiri jina badala ya kanuni huliacha jambo hili nje, na pamoja nalo huiacha nguo.

Lipo jambo jingine ambalo mfasiri akaaye ofisini huenda asilione. Mtoto aliyekulia Msasani, Kinondoni au Temeke amejifunza kukwepa mpira katika rede. Wawili husimama kila mmoja upande wake, wakirusha mpira mwepesi waliojifungia wenyewe. Aliye katikati hukwepa, na mpira ukimpata ametoka. Katika kriketi nako, mpigaji aliyeuzuia kwa mguu mpira ambao ungeigonga wiketi yaweza kuwa ndio mwisho wake. Michezo hiyo miwili yafundisha kwamba kupatwa na mpira ni hasara. Besiboli yamlipa aliyepatwa. Sasa mwandikie msichana wa Msasani kwamba 'mpigaji aliyepigwa na mpira huenda kituo cha kwanza'. Atadhani pana kosa la chapa. Na hilo neno huenda lina balaa yake: ni desturi, au ni labda? Ndiyo maana twashikilia hupewa, lisiloweza kusomwa kwa namna mbili.

Hata hivyo rede yatuachia zawadi, nayo ni kitenzi kukwepa. Tumewahi kusikia kikipendekezwa kujiepusha. Kujiepusha ni kwa waraka wa ofisi na mawaidha ya Ijumaa; hakuna aliyejiepusha na mpira. Kukwepa ni tendo la mwili linaloonekana, na mwamuzi hana budi kuona. Tarehe 31 Mei 1968, vituo vyote vikiwa na watu, mpira wa Don Drysdale wa Los Angeles Dodgers ulimgusa Dick Dietz wa San Francisco Giants. Kituo cha bure kingekuwa pointi, na kingekatiza mfululizo wa Drysdale wa kutofungwa. Mwamuzi Harry Wendelstedt akaamua kwamba Dietz hakufanya jitihada ya kukwepa, akamrudisha kupiga. Mfululizo ukaendelea hadi vipindi 58 na theluthi mbili. Uamuzi wote ulisimama juu ya kitenzi kimoja.

Kwa upande wa Kijapani pana mtego mwingine. Wajapani hukiita kisa hiki 'mpira wa kifo', shikyu, lakini mpigaji kupewa kituo kwa mipira minne mibaya nako huitwa shikyu. Herufi zaandikwa mbali mbali, sauti ni moja. Kwa hiyo katika kusema wamekopa maneno ya Kiingereza yenye maana ya 'mpira mfu'. Lakini kwa Waamerika mpira mfu ni mpira wowote uliosimamishwa mchezoni, kwa sababu yoyote. Atakayeandika 'mpira mfu' kwa kumsikiliza mwalimu wa Kijapani atakuwa amekiita kisa kimoja kwa jina la visa vingi.

Pingamizi moja lastahili kujibiwa. Tarehe 16 Agosti 1920 Ray Chapman wa Cleveland alipatwa kichwani na mpira wa Carl Mays wa New York Yankees, akafariki siku iliyofuata. Je, tuseme Chapman 'aliguswa'? Katika gazeti, hasha. Katika kanuni, ndiyo, kwa kuwa kifungu hiki hakipimi maumivu wala nia. Nia ina kifungu chake, ambacho humruhusu mwamuzi kumtoa mrushaji aliyemkusudia mpigaji, au kuzionya timu zote mbili. Hapo Kiswahili kina neno kamili, kulenga. Mays alikana kwamba alikusudia. Kwa istilahi zetu, Chapman aliguswa, na kama alilengwa ni swali la pili. Wengine wangetaka kutenganisha mambo haya kwa viungo peke yake, 'kupigwa na mpira' na 'kupigwa kwa mpira'. Sarufi yawaunga mkono, lakini uwanjani na na kwa hazisikiki.

Limebaki neno mkono. Wachezaji wengi huamini kwamba mikono ishikayo rungu ni sehemu ya rungu, na mpira ukiigusa si kitu. Kanuni haisemi hivyo: mkono ni mwili. Tafsiri ya shule iseme waziwazi 'mwili, mikono ikiwemo, au nguo'. Maneno mawili ya ziada hayataugharimu ukurasa, na mwamuzi wa miaka kumi na sita atakuwa na mahali pa kuweka kidole chake atakapobishiwa.