Majibizano ya Kompyuta na Seva, Yakisomwa Kutoka Kipsing

Itifaki ya mafaili ni majibizano yaliyoandikwa: kompyuta inauliza, seva inajibu, zamu kwa zamu. Wahandisi huipima kwa kasi. Mimi nataka kuisoma kwa fani yake, na kuisoma nikiwa na Kipsing akilini, kule kata ya Oldonyiro, Isiolo, kwa sababu umbali huanika kasoro ambazo Nairobi hazionekani.

Chukua ofisi ya Kipsing ambayo mafaili yake yanakaa kwenye seva Isiolo mjini. Mkongo wa taifa, NOFBI, ulijengwa kufika makao makuu ya kaunti. Nje ya mkongo huo, anayeunganishwa kwa setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta, swali moja na jibu lake humchukua kama nusu sekunde. Sasa fuatilia SMB ya kwanza, itifaki ya mafaili ya Windows za zamani. Karani anabofya folda. Kompyuta inauliza: folda ipo? Inangoja. Ninaruhusiwa kuifungua? Inangoja. Faili hili lina ukubwa gani, lilibadilishwa lini? Inangoja. Maswali 40 ya namna hiyo ni sekunde 20, na karani hajasoma hata neno moja. Kumnunulia bando kubwa zaidi hakumsaidii, maana kinachomchelewesha ni kungoja zamu. SMB ya pili, iliyokuja na Windows Vista mwaka 2006, ilipunguza amri kutoka zaidi ya 100 hadi 19, ikaruhusu maswali kadhaa yatumwe kwa safari moja. Uhariri mzuri, lakini kwa sehemu kubwa muuliza bado ni yule yule.

Fani yenyewe ilikuwa imeshageuzwa miaka ya 1980, Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, katika mfumo wa mafaili wa AFS. Toleo la mwanzo lilihifadhi nakala ya faili kwenye diski ya mtumiaji, ila kila faili lilipofunguliwa kompyuta iliuliza: nakala yangu bado ni halali? John Howard na wenzake walichapisha hesabu yao mwaka 1988. Maswali ya kuhakiki nakala na kuulizia sifa za mafaili yalikaribia asilimia 90 ya maombi yote. Kuleta na kurudisha mafaili, ambayo ndiyo kazi hasa, hakukufika asilimia 10.

Wakageuza zamu. Seva ikikupa faili, inakuahidi kukuarifu mtu mwingine akilibadilisha. Usiposikia kitu, soma nakala yako. Kimya kikawa jibu. Naiona hii kuwa hatua ya ujasiri kuliko zote katika historia ya itifaki hizi: mwandishi amefuta karibu maneno yote ya mhusika mmoja, na maana imebaki.

Imebaki, mradi njia iko wazi. Laga, yaani mto wa msimu, ikijaa maji na gari la kutoka Isiolo lisionekane, Kipsing haiwezi kujua kama halikuondoka au limekwama njiani. Nakala iliyoko kwa karani ina tatizo hilo hilo. Pengine faili halijaguswa. Pengine limebadilishwa asubuhi na taarifa imepotea mtandao ulipokatika. Kwa orodha ya chanjo au ya mgao wa chakula, tofauti hiyo ni kubwa.

Mwaka 1989 watafiti Cary Gray na David Cheriton walitoa marekebisho ninayoyathamini zaidi: ahadi yenye muda, yaani mkataba wa muda. Seva inaahidi kwa kipindi maalumu, kisha kompyuta lazima iulize upya. Kimya hakidumu tena milele. Katika mazingira waliyoyachunguza, sekunde 10 tu zilitosha kuondoa sehemu kubwa ya maulizo. SMB 2.1 ya mwaka 2009 ilibeba jina hilo la mkataba wa muda, ingawa pale seva ndiyo huvunja mkataba mtu mwingine anapolitaka faili.

Kwa Kipsing, sekunde 10 ni chache mno. Kompyuta ingekuwa inahuisha ahadi siku nzima. Lakini ukiweka saa nzima, na Kipsing ikapotea hewani, ofisa wa Isiolo anayetaka kusahihisha orodha atangoja saa hiyo iishe. Fomu tupu na miongozo, ambayo hubadilika kwa nadra, ningeipa siku nzima. Orodha za majina ningezipa dakika chache, na gharama ya maulizo yake ningeilipa bila kunung'unika.