Kitenzi "Kuoa" katika Mjadala wa Marufuku ya Kikatiba

Husikika hoja kwamba marufuku ya kikatiba dhidi ya ndoa za jinsia moja huthibitisha tu kile ambacho Kiswahili kimekwisha kuamua: mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Kiisimu, hoja hii haisimami. Katika nyumba ntobhu ya Wakuria, mwanamke huoa mwanamke, hulipa mahari, na watoto huwa wa nyumba yake. Kuoa hapa hakutaji jinsia wala unyumba, bali mahari na urithi. (Ndoa hizi si mapenzi ya jinsia moja, wala hazitajwi hapa ili kuyatetea au kuyapinga.)

Watunzi wa katiba hawakulipa jambo hili uzito. Ibara ya 31(2a) ya Katiba ya Uganda, iliyoongezwa mwaka 2005, hupiga marufuku ndoa baina ya watu wa jinsia moja, pasipo kubainisha ndoa ipi. Ibara ya 45(2) ya Katiba ya Kenya ya 2010 haina neno la kukataza; hutoa haki ya kuoana na mtu wa jinsia tofauti. Wanasiasa huzisoma kama kauli moja. Hata hivyo, mwaka 2011 Mahakama Kuu mjini Mombasa ilimtambua mjane wa ndoa ya wanawake wa Kinandi kuwa mrithi. Sidhani kama matini ya Uganda ingemwachia jaji nafasi hiyo.

Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 ilifafanua ndoa kuwa muungano wa mwanamume na mwanamke. Ndoa hizi za kimila haikuzitaja, na wajane wake wameachiwa majaji.