Honda CG125 na Mkono Usio na Haraka

Anayefufua Honda CG125 ya zamani uani kwake anafungua injini iliyobuniwa kwa kumfikiria fundi. Ilipotoka mwaka 1976, Honda walikuwa wameshaona kwamba katika nchi nyingi pikipiki ni chombo cha kazi: inabebeshwa mizigo, inakula vumbi, na oili yake hubadilishwa siku mwenyewe akikumbuka. Injini yenye kemshafti juu ya silinda huteseka oili ikichakaa. Wahandisi wakaishusha kemshafti chini, valvu zikawa zinasukumwa na pushirodi, na cheni ya nyuma ikafunikwa ndani ya kasha la chuma.

Ukitaka kumjua fundi, mtazame akiseti tapeti, yaani nafasi kati ya roka na valvu. Kwanza anaiacha injini ipoe kabisa. Anafungua kifuniko cha valvu, kisha anazungusha kranki taratibu kwa spana mpaka alama ya T kwenye magneti ikae sawa na alama ya injini. Anazitikisa roka kwa kidole. Zikicheza zote mbili, valvu zimefunga. Zikikaza, anazungusha mara moja tena. Nafasi inayotakiwa ni milimita 0.08. Fila geji ipite ikikwaruza kidogo, isilegee wala isinase. Lakini nati ya roka ikikazwa, skrubu ya kurekebishia nafasi nayo huelekea kuzunguka, na kipimo kinapotea. Kwa hiyo anaishikilia skrubu, anakaza nati, halafu anapima upya. Kipimo hicho cha pili, ambacho mwenye haraka angekiruka, ndicho ninachokiheshimu kuliko vyote.

Kuboresha nako kuna adabu yake. CG125 za mwanzo zilitumia umeme wa volti 6 na platini zinazolika, zinazohitaji kusuguliwa na kusetiwa kila mara. Matoleo ya baadaye yalikuja na volti 12 na sidiai (CDI), mfumo wa kielektroniki wa kuwasha plagi usio na platini, na fundi makini hupita njia hiyohiyo. Habadilishi betri peke yake, maana balbu za volti 6 zitaungua mara moja. Anabadilisha magneti, koili, regyuleta, betri na balbu kama kitu kimoja. Vipuri havimpi shida sana, kwa kuwa injini za pikipiki nyingi za Kichina wanazoendesha bodaboda zimeiga hiihii CG. Hata hivyo kufanana si kulingana: analinganisha koni ya kranki, nafasi ya kii na matundu ya boliti kabla ya kukaza chochote.

Kisha anajua pa kuishia. Hapanui silinda kutafuta mbio ambazo breki za ngoma haziwezi kuzizuia. Hatoboi fremu, hakati waya za asili, na kila kifaa kipya anakifunga kwenye boliti zilizokuwapo. Uboreshaji wa namna hiyo unaongeza mwanga barabarani usiku, na bado unamwachia fundi wa kesho pikipiki anayoweza kuielewa.