Picha Isiyokamilika na Mafunzo ya Mkono

Wengi hudhani kwamba kunakili kazi ya mchoraji mkuu ni utumwa wa mkono. Picha ya Madame Récamier, iliyochorwa na Jacques-Louis David mwaka 1800 na kuhifadhiwa Louvre, mjini Paris, yaonyesha kinyume. David hakuikamilisha. Uso umeshughulikiwa zaidi. Ukuta wa nyuma ungali rangi nyepesi iliyosuguliwa kwa brashi, na tabaka la chini laonekana. Katika picha nyingi za uklasiki-mamboleo, ulaini wa rangi huficha njia iliyofuatwa. Hapa njia i wazi. Mwanafunzi wa rangi za mafuta huona kitanguliacho: mchoro, vivuli kwa rangi nyembamba, kisha mwanga kwa rangi nzito.

Louvre huwaruhusu wanaonakili, lakini huwakataza kutumia vipimo vya picha asilia. Sharti hilo la kuzuia udanganyifu lina faida kwa mwanafunzi: anayepunguza picha ya sentimita 174 kwa 244 hulazimika kupima upya uwiano wa kichwa na mkono. Kosa kubwa ni kutaka kuimaliza. Anayeujaza ukuta ule hulifunika somo lenyewe alilolijia.