Kwani? na simulizi za 2008

Kwani? ni jarida la fasihi lililoanzishwa Nairobi mwaka 2003, Binyavanga Wainaina akiwa mhariri wake wa kwanza. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 ziliua zaidi ya watu 1,100 na kuwafukuza makwao malaki wengine. Januari 2008 waandishi wa jarida hilo na wenzao waliungana katika kundi la Concerned Kenyan Writers, wakaandika mfululizo kupinga mauaji.

Kazi inayostahili sifa zaidi ni toleo la tano la jarida, lenye sehemu mbili, ambamo simulizi za wananchi wa kawaida kuhusu ghasia hizo zilichapishwa pamoja na kazi za waandishi mashuhuri. Hilo si jambo dogo. Tume ya uchunguzi humsikiliza mwathirika ili ipate ushahidi. Mwandishi humsikiliza hata anapowataja kuku wake na jirani aliyemsalimia siku moja kabla ya ghasia. Uandishi haukurudisha mashamba wala kuwafikisha wahusika mahakamani, lakini uliyahifadhi yale ambayo wengi walitaka yasahauliwe haraka.

Baadaye mpiga picha Boniface Mwangi aliipeleka kazi ya aina hiyo barabarani kwa Picha Mtaani, maonyesho yaliyozunguka miji ya Kenya na kuwapa watazamaji nafasi ya kuzungumza.