Kubisha na Hewa

Vitabu vingi vya shule vina hadithi moja nzuri kuhusu bawa la ndege. Bawa, zinasema kurasa hizo, limebinuka juu na kunyooka chini. Hewa ya juu ina safari ndefu zaidi, kwa hiyo hukimbia ili iwahi kukutana na mwenzake wa chini kwenye ukingo wa nyuma. Na kwa kuwa hewa iendayo kasi hupungukiwa na kanieneo, bawa huvutwa juu. Ni hadithi fupi, na mtoto wa darasa la saba anaweza kuichora. Kasoro yake ni kwamba si kweli. Hakuna mkataba unaoilazimisha hewa ya juu ikutane na ya chini. Ikipimwa, ya juu hutangulia kufika, wala haimngojei mtu. Ndege za michezo ya angani zina mabawa yaliyobinuka sawasawa pande zote mbili, na huruka hata zikiwa chali. Kwa msomaji wa pwani ushahidi u karibu zaidi: tanga la ngalawa ni kitambaa. Upande wake mmoja hauwezi kuwa mrefu kuliko wa pili, lakini tanga hilohilo, kamba ya demani ikikazwa vizuri, huipeleka ngalawa joshi, upepo ukitoka mbele kwa mshazari. Tanga ni bawa lililosimama wima.

Ninachokisifu hapa si ndege, bali ufundi wa kuielewa, ambao una tabia ya kazi yoyote ya mikono: una malighafi yake, vipimo vyake, na makosa ambayo lazima uyaache kabla hujaitwa fundi. Malighafi ni hewa, na somo la kwanza ni kuiheshimu kama kitu. Chumba cha mita 4 kwa 4, chenye dari la mita 3, kina hewa ya zaidi ya kilo 50, uzito wa mfuko wa saruji. Ukishalikubali hilo, bawa halina muujiza tena. Likiinuliwa kidogo upande wa mbele, hupinda mkondo wa hewa kuelekea chini, na kwa kanuni ya tatu ya Newton hewa hiyo nayo hulisukuma bawa juu. Kasi ikiongezeka mara mbili, kani ya kunyanyua huongezeka mara nne. Chukua Boeing 737-800 iliyojaa, tani 79 hivi, juu ya mabawa yenye eneo la mita za mraba 125: kila mita ya mraba hubeba kilo 630 hivi. Inatisha, mpaka ukumbuke kwamba hewa ya usawa wa bahari hukandamiza kila mita ya mraba kwa zaidi ya tani 10. Basi, ndege inapoacha ardhi ya pwani, tofauti ya wastani ya asilimia 6 tu kati ya kanieneo ya chini ya bawa na ya juu yake inatosha kuubeba mzigo wote.

Mtu atauliza: mbona wataalamu wenyewe wanagombana, hawa wakimtaja Newton, wale wakimtaja Bernoulli, aliyechapisha kitabu chake cha mwendo wa vimiminika mwaka 1738? Ugomvi huo naona una kelele kuliko kiini. Ukijumlisha kanieneo juu ya ngozi yote ya bawa, unapata kani ileile unayoipata ukipima jinsi bawa linavyoisukuma hewa chini. Ni duka moja lenye daftari mbili, na hesabu zinalingana. Bernoulli hakukosea, walikosea waliomsingizia habari ya hewa kukutana.

Ufundi huu ulionekana waziwazi huko Dayton, Ohio, katika duka la baiskeli la Wilbur na Orville Wright. Mwaka 1901 walijaribu karibu na Kitty Hawk ndege yao isiyo na injini, nayo ikatoa kama theluthi moja tu ya kani iliyoahidiwa na hesabu. Wangeweza kuulaumu upepo, au kuongeza tu ukubwa wa bawa. Wakachagua kubisha namba. (Kiswahili kina bahati hapa: kubisha ni kukataa neno la mtu, na ni kupeleka chombo dhidi ya upepo pia. Kazi zote mbili hufanywa kwa kwenda upande huu na upande ule, si kwa kugongana uso kwa uso.) Waliunda sanduku la mbao la urefu wa mita 1.8 hivi, wakaweka feni upande mmoja, na ndani yake mizani iliyotengenezwa kwa vipande vya msumeno wa chuma na spoku za baiskeli. Humo walipima vielelezo vya mabawa karibu 200. Walianza kwa kumshuku Otto Lilienthal, Mjerumani aliyeacha majedwali ya kani za bawa, wakakuta kwamba majedwali yale, kwa bawa la aina yake, kwa sehemu kubwa yalikuwa sahihi. Kosa moja kubwa lilikuwa mahali pa kuaminika zaidi: katika kizidisho kilichotumika kwa jina la John Smeaton, mhandisi Mwingereza, tangu mwaka 1759. Kilisomeka 0.005, na wao wakapata kama 0.0033. Kwa zaidi ya karne moja namba hiyo ilikuwa ikinakiliwa kitabu hadi kitabu, sawa na ile hadithi ya hewa inayokutana. Mwaka 1902 bawa jipya, refu na jembamba zaidi, likafanya kazi karibu na walivyohesabu. Tarehe 17 Desemba 1903, wakiwa na injini, safari ya nne ya siku hiyo ilidumu sekunde 59 na kufika mita 260. Dunia inaadhimisha tarehe hiyo. Mimi ningeliadhimisha sanduku.

Pingamizi zito zaidi linatoka baharini. Nahodha hahitaji neno kanieneo, na mwewe hana jedwali. Ni kweli: ujuzi wa mkono ni ujuzi kamili, na tanga limemtangulia Newton kwa karne nyingi sana. Lakini mkono hujifunza kwa kukosea, na kosa la mvuvi mara nyingi huishia kulowa. La angani halina huruma hiyo. Lilienthal alikuwa na mikono stadi kuliko yeyote wa wakati wake, aliruka takriban mara 2,000, na Agosti 1896 chombo chake kiliinua pua, kikaishiwa kani, akaanguka na kufa kesho yake. Pembe ya bawa dhidi ya hewa ikizidi nyuzi 15 hivi, hewa hubanduka mgongoni mwa bawa na kani hupungua ghafla. Dawa ni kushusha pua, wakati mwili wote unataka kuiinua. Hapa sina budi kukiri jambo linalopunguza makali ya hoja yangu. Tarehe 1 Juni 2009, Airbus A330 ya Air France iliyotoka Rio de Janeiro kwenda Paris ilipoteza kwa muda vipimo sahihi vya kasi kwa sababu ya barafu. Pua ikainuliwa, bawa likaachwa na hewa, ndege ikaanguka baharini, na watu wote 228 wakafa. Marubani wale hawakuwa wajinga wa fizikia hii. Ndiyo maana naiita ufundi, wala siiiti habari: mtu anaweza kuwa nayo kichwani na bado ikachelewa kufika mkononi.

Na abiria, asiyeshika usukani, yeye anafaidi nini? Anafaidi macho. Kiwanja cha Jomo Kenyatta kiko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na njia yake ya kurukia inapita kilomita 4. Ya Mombasa ni fupi kwa zaidi ya nusu kilomita. Urefu wa njia una sababu nyingi, lakini mojawapo ni hewa yenyewe: ya Nairobi ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya saba, hata ukihesabu ubaridi wake. Ndege ileile, yenye mzigo uleule, huhitaji kasi zaidi kwa asilimia 8 hivi ili ipae, huku injini nazo zikivuta hewa haba. Kipima kasi mbele ya rubani hakionyeshi tofauti hiyo, kwa sababu hakipimi ardhi bali jinsi hewa inavyokisukuma. Namba ya kupaa ni ileile Mombasa na Nairobi. Aliye dirishani ndiye anayeweza kuiona, katika taa za kando ya njia, zinazopita upesi zaidi kidogo kabla magurudumu hayajaiacha lami.