Lami Haitaki Pupa

Ujenzi wa barabara ya mzunguko wa nje ya Dodoma, yenye kilomita 112.3, uliwapa waosha magari wa mji huo kazi ambayo shampuu na mashine ya presha haziiwezi. Gari lililopita juu ya lami mbichi hurudi mjini na madoa meusi kuanzia madigadi hadi ndani ya rimu. Wengine huyaparamia kwa kisu. Fundi wa kweli hakwangui.

Nimekaa mara nyingi nikimtazama kijana mmoja wa kazi hii, na kinachonivutia kwanza ni namna anavyochelewa kuanza. Gari analiingiza kivulini, halafu anaacha rimu zipoe. Breki zilizotoka safarini huwa na joto, na mafuta ya taa yakitua kwenye chuma cha moto hukauka kabla hayajafanya kazi, tena mvuke wake unaweza kushika moto. Rimu zikishapoa, anaosha vumbi lote kwa maji ya sabuni na dodoki. Vumbi la Dodoma lina mchanga. Ukipaka mafuta juu yake, kitambaa kinageuka msasa.

Baada ya hapo ndipo chupa ya mafuta ya taa inapotoka. Hapa ufundi wake unakutana na wa wahandisi wa barabara. Lami inayonyunyizwa juu ya tabaka la kokoto kabla ya lami nzito, ile ya daraja la MC-30, huwa imechanganywa na mafuta ya taa ili iwe nyepesi na izame vizuri. Mafuta yakishapaa hewani, lami inabaki imeshika. Kijana huyu anaigeuza kazi hiyo: anairudishia lami mafuta iliyoyapoteza, nayo inaachia. Maji hayawezi kufanya hivyo hata yakija kwa kishindo, kwa sababu lami na maji havichanganyiki.

Hamwagi wala hapulizi. Anachovya kitambaa cha pamba, anakikamua, anakibandika juu ya doa, anakiacha hapo. "Mzee, tuiache kwanza ilainike," anamwambia mwenye gari anayetazama saa. Ukiinama ukatazama kwa karibu, utaona ukingo wa doa unageuka kahawia, kisha weusi unaanza kuteleza taratibu kuelekea chini. Hapo ndipo anapofuta, mara moja tu, kutoka pembeni kuja katikati ili asilitandaze doa. Anakunja kitambaa, anatafuta upande safi, anarudia. Donge lililogoma analisukuma kwa kijiti cha mwanzi, maana rimu za alumini zina vanishi juu yake, na vanishi ikichanika chumvi na maji hupata njia ya kuingia.

Upande wa ndani wa rimu ndio unaomtambulisha. Waoshaji wengi hawaugusi kwa kuwa mteja hauoni. Yeye anapandisha gari kwa jeki, anaweka stendi, anavua gurudumu. Lami iliyoganda pale pamoja na kokoto inatosha kuharibu balansi, na dereva ataanza kuhisi usukani ukitetemeka akishika mwendo barabara kuu. Lakini humo humo kuna vile vipande vidogo vya balansi vilivyobandikwa kwa gundi, navyo vikishapakwa lami havitofautiani kwa macho na donge lolote. Anapapasa kwa kidole kabla ya kusugua. Donge la lami halina umbo. Kipande cha balansi kina kingo zilizonyooka. Akikigundua, anakisafisha kwa kitambaa kikavu na kuweka mafuta mbali nacho, kwani gundi yake nayo huyeyuka.

Kwenye tairi lenyewe anabadilisha dawa kabisa, na hapa namheshimu zaidi. Mafuta ya taa, dizeli na petroli huufanya mpira uvimbe na ulainike, pia huondoa nta iliyowekwa kiwandani ili ubavu wa tairi usipasuke kwa jua na hewa. Hivyo madoa ya ubavuni anayalainisha kwa mafuta kidogo ya alizeti, zao ambalo Dodoma na Singida wanalifahamu vizuri, kisha anayaosha papo hapo kwa sabuni na brashi laini. Kwenye kashata anachokoa kokoto zilizonasa, basi. Lami inayobaki hapo barabara yenyewe itaimaliza.

Diski na pedi za breki huwa amezifunika kwa mfuko tangu gurudumu lilipovuliwa, kwa kuwa pedi ikinywa mafuta haishiki tena sawasawa. Vitambaa vichafu vinaingia kwenye kopo lenye kifuniko. Nimeona sehemu nyingine wakimwaga masalia hayo mtaroni, na inaniuma kila ninapoona, maana mtaro ule unaishia kwenye maji ya watu.

Gurudumu likirudi, nati anazikaza kwa kuruka, moja ya huku kisha ya upande wa pili, ili rimu ikae sawa. Gari likiwa chini anazikaza tena kwa spana, anamwambia mwenye gari akanyage breki polepole mara kadhaa kabla ya kuingia barabarani, na apite tena baada ya kilomita 50 hivi nati zikaguliwe. Ukaguzi huo hatozi kitu.